Huu Haukuwa Utani, Mama Osmunda

Mtani wangu Mama Osmunda,

Kamwene, kwa salamu ya kwenu Uhehe. Tumsifu Yesu Kristo.

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kuuliza hali ya unayemwandikia, kisha ndiyo unaeleza ya kwako. Ya kwako naamini ni njema kuliko yangu, kwa hiyo sikuulizi. Yangu si njema. Naogopa. Nimeliandika neno hilo nikalikata, nimeliandika tena. Naogopa kwenda kazini, mtani. Mimi, Leokadia, ambaye ulikuwa unaniita jeuri wa Kingoni.

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa ya pili, watoto wamekwenda kwa bibi yao Ruhuwiko, nami nimebaki mezani na chai iliyopoa. Kesho saa nne asubuhi nimeitwa ofisini. Kuna barua imeshachapwa, inangoja sahihi yangu tu. Inasema kwamba mimi naomba kwa hiari yangu kuacha nafasi ya mkuu wa wapimaji wa mahindi, kwa kuwa sina uwezo na tabia yangu mbele ya watu haifai. Kwa hiari yangu! Sikuiandika mimi, kaiandika meneja. Amesema nisiposaini ataandika nyingine ya kunifukuza, na hiyo itanifuata kila ghala la mkoa huu mpaka nikalime.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenipa kazi hii mikononi. Kuna na sababu nyingine. Hiyo naona haya kuisema, nitaisema huko mbele nikipata nguvu.

Unakumbuka nilivyoingia ghalani? Nilikuja kufagia. Siku moja ukanikuta natafuna punje ya mahindi, ukanishika mkono. "Wewe Mngoni, unamaliza mzigo wa watu?" Nikasema naonja kama yamekauka. "Haya, yamekauka?" Nikasema bado, yanabonyea kwenye jino. Ukachukua bambo, ule mkuki wetu wa kuchomea gunia, ukachoma gunia lile juu, katikati na chini, ukaziweka punje kwenye mashine ya unyevu, ukasoma. Kisha ukaniangalia kama unaniona kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo sikushika tena ufagio. Darasa la saba langu ulilijua, hukulisema hata siku moja.

Na ule utani wetu, jamani. Wewe Mhehe, ambao tunawatania kwamba mnakula mbwa, mimi Mngoni. Ukiingia getini asubuhi mimi napiga kelele: "Fungeni mbwa ndani, Mama Osmunda hajapata mboga!" Nawe unajibu bila kupunguza mwendo: "Nyamaza wewe, babu zako walitembea kutoka Afrika Kusini, walipofika Songea miguu ikawashinda, wakasingizia wameteka nchi!" Makuli walikuwa wanacheka mpaka wanatua magunia chini. Uliwahi kuninyang'anya kitoweo changu chote mchana, ukaniachia ugali mkavu, ukasema ni ushuru wa utani. Kesho yake nikaficha kiatu chako kimoja, ukapima mahindi siku nzima na ndala ya mlinzi. Hatukukasirika. Mtani hakasirikiwi, ndivyo tulivyolelewa wote wawili.

Lakini siku ile niliyopitisha lori lenye magunia mabichi yaliyofichwa katikati, hukunitania. Ulinivuta nyuma ya magunia, tukiwa wawili tu, ukanionyesha mkono wangu ulipokosea. Ukaniambia, "Katikati ya lori ndiko wanakoficha, hapo ndipo uchome." Basi. Hakuna aliyejua. Sikujua wakati ule kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa. Nimelijua mwaka huu.

Sasa nikueleze ya meneja.

Alikuja miezi miwili kabla hujalala kitandani kwa ugonjwa, kwa hiyo wewe hukumjua sana. Mrefu, anavaa vizuri, ana digrii. Wiki ile ile ya kwanza baada ya mazishi yako akanisimamisha mbele ya watu. "Nasikia wewe Mngoni. Mimi Mhehe, mtani wako. Mama Osmunda kaondoka, nimekuja mimi, utanikoma!" Watu wakacheka, nami nikacheka, tena nilifurahi sana. Jioni nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba ameniletea mtani mwingine badala yako. Nilifikiri hivyo kabisa. Nisamehe.

Mwanzo ilikuwa maneno. Wakija wageni ananiita. "Njooni mumwone daktari wetu wa mahindi, kasoma chuo kikuu cha darasa la saba!" Wageni wanacheka, yeye ananipiga begani. "Ni mtani wangu huyu, hana neno." Ni kweli sikuwa na neno. Ningesema nini? Kisha akaanza kuniigiza ninavyotafuna punje, anatoa macho na kutafuna kama mbuzi, kila kikao. Kisha bambo langu likapotea. Nikalitafuta mpaka saa tano huku malori yamejipanga na madereva wananitukana, kumbe liko ndani ya gari lake. "Utani tu, Mngoni wangu! Mbona unatoka jasho?" Kisha nikaondolewa kwenye kundi la simu la kazini, vikao vikawa vinanipita, nikifika nimechelewa anasema, "Wangoni na pombe yao, mwacheni aamke taratibu." Mimi ambaye hata togwa likichachuka siligusi, wewe unajua.

Halafu mashine ya unyevu akampa mtu mwingine. Kila lori ninalopima mimi linapimwa upya, mbele ya mkulima mwenyewe. Majibu yanatoka yale yale. Hasemi yametoka yale yale. Anasema, "Leo umebahatisha."

Mtani, mwaka jana nilipewa cheti cha mfanyakazi bora. Wanunuzi wa mbali wanapiga simu wanauliza kama mzigo umepimwa na yule mama. Mtu kama huyo ungedhani ana nguvu. Nami nilidhani hivyo. Nilidhani wanaonyanyaswa kazini ni mabinti wa kazi za ndani, si mama mzima mwenye cheti ukutani. Kwa hiyo yangu sikuyaita manyanyaso. Niliyaita msalaba. Nikasema Mungu ananishusha kwa sababu nilianza kujisikia. Nikafunga Ijumaa zote za Kwaresima kwa nia hiyo, nikasali novena, nikamwombea meneja kwa jina lake. Kila nilivyozidi kunyenyekea, naye akazidi.

Mwili ndio uliokuwa mkweli. Nikisikia honi ya gari lake getini nakimbilia chooni, nasali makumi mawili ya rozari nimekaa mle ndani kama mwizi. Na kibaya zaidi, nikaacha kuyaamini meno yangu. Punje moja naitafuna, natema, natafuna nyingine, sijui. Siku moja mama mmoja wa Namtumbo alileta mahindi makavu kabisa, yanapasuka kama yalivyotakiwa, nami kwa woga wa kusahihishwa nikamwambia bado, kayaanike tena. Alinisihi. "Dada yangu, nimeanika siku tisa." Nikampigia kelele. Mimi! Nikamwambia kama hajui mahindi arudi shule. Aliniangalia tu, akaanza kufungua magunia yake. Niliposikia neno "shule" linatoka kinywani mwangu nilijua ni la nani. Nilimfuata kwenye turubai nikamwomba radhi, nikayapokea mahindi yake. Lakini nilikuwa nimeshamtia aibu mbele za watu.

Aliyenifungua macho hakukusudia. Ni Mzee Rajabu, yule mshona magunia wa Tunduru, bado yupo, bado anavuta uzi kwa meno. Akaniambia siku moja, anacheka, "Dada Leokadia, mbona huyu mtani wako anakula peke yake? Mrudishie basi, na sisi tucheke upande wa pili." Nikajiuliza, kweli, mbona sijamrudishia hata siku moja? Wewe nilikuwa nakurudishia kabla hujamaliza kusema. Nikatafuta sababu nikaiona. Nilikuwa namwogopa. Na mtani haogopwi.

Kesho yake nikajipa moyo. Alipoingia, viatu vyeupe, watu wote tupo kwenye mizani, nikasema, kwa ile sauti yangu unayoijua, "Meneja karibu! Leo mbwa wa Songea wote wamenyamaza, naona umekunywa supu mapema!"

Makuli walilia kwa kucheka. Mzee Rajabu alishikilia nguzo.

Yeye hakucheka. Aliniangalia na uso ukabadilika, ukawa kama mlango uliofungwa. Akapita. Saa sita nikaitwa ofisini. "Unanijua mimi ni nani? Unadhani mimi ni rika lako?" Nikasema, mtani, ni utani tu. Akasema, "Utani na nani? Nani kakupa ruhusa?" Na barua ya onyo ikawa tayari mezani. Kumdhalilisha kiongozi mbele ya wafanyakazi.

Nilitoka na barua ile mkononi. Nikakaa juu ya gunia. Ndipo nilipoelewa, Mama Osmunda, pale pale. Utani una njia mbili. Anayekutania anajiweka wazi, umpige na wewe. Huyu alichukua ile sheria yetu kwamba mtani hakasirikiwi akaninyamazisha nayo, miezi minane. Na watu wote wa ghala walicheka kwa moyo safi, kwa sababu nao wamelelewa hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa mbaya pale ila mmoja.

Mzee Rajabu alikuja akakaa pembeni yangu. Hakucheka tena. "Nisamehe dada, mimi ndiye niliyekuchochea. Wallahi sikujua." Kisha akasema, "Andika. Siku, saa, maneno aliyosema, na nani alikuwepo. Mimi niandike kila mahali nilipokuwepo, nitasema mbele ya yeyote." Nikanunua daftari. Nimeandika hadi yale ya zamani niliyoyakumbuka. Ajabu ni kwamba nilipoyaona yamepangana kwenye mistari, nililia, lakini tumbo lilitulia kidogo. Nilidhani nimerukwa na akili, kumbe ni mambo yaliyotokea.

Sasa ile sababu ya pili. Usinichukie.

Ni mazishi yako. Unajua mtani akifiwa na mtani wake anafanya nini, kwenye msiba wa mume wangu ulikuja ukalala katikati ya waombolezaji ukadai jogoo, ukanichekesha nikiwa sitaki hata kupumua. Basi nami nilikulipa. Kule Maposeni, nilivaa dera lako la kazi la bluu na mabuti yako ya mpira, nikatembea kama wewe, bega moja juu, nikaja mpaka kwenye jeneza na bambo. Nikajifanya nachoma, nikatafuna, nikatema. Nikawaambia wachukuzi, "Huyu bado mbichi! Hajakauka! Ghala la Mungu halipokei mzigo mbichi, mrudisheni nyumbani!" Watu walicheka mtani, wanao walicheka huku machozi yanawatoka, mume wako alicheka akaniambia asante. Ilikuwa zawadi yangu ya mwisho kwako.

Meneja alikuwepo. Alichukua video. Na wageni wa makao makuu walipokuja kutoka Dar es Salaam, aliwawekea ofisini. Nilikuwa naleta chai. Nikasikia sauti yangu kwenye simu yake, "Huyu bado mbichi." Akawaambia, "Huyu ndiye mkuu wa ubora. Anacheza na maiti. Anatumia vifaa vya kampuni. Nyie amueni." Hawakucheka. Waliniangalia kama mchawi. Sinia nililiweka chini sijui vipi.

Yeye ni Mhehe. Anajua kabisa maana yake. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Naishia hapa kwa leo. Mkono unauma, na watoto wanarudi. Niombee.

*

Mtani, leo ni Jumanne, nimetoka kazini. Naimalizia.

Jana sikula kitu. Nilipita kanisani nikakaa kiti cha nyuma, nikashindwa kusali, nikakaa tu. Nikamwambia Mungu, kaa na wewe. Saa nne nikaingia. Barua ya wito ilisema naweza kuja na mfanyakazi mwenzangu, nikaja na Mzee Rajabu, kavaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa. Meneja alimwangalia kwa dharau. Kulikuwa na afisa utumishi wa makao makuu, dada mdogo kwetu, mpole wa sura. Meneja akanisogezea barua na kalamu. "Saini tu mama, tusipoteze muda wa mgeni."

Nilishika kalamu. Nakwambia kweli, niliishika. Nilitaka iishe tu, nirudi nyumbani nilale. Kisha akafungua ile video ili mgeni aone, na nikawasikia wanao wakicheka mle ndani ya simu. Kile kicheko chao. Nikaiweka kalamu chini.

Nilisema, "Meneja, mweleze dada huyu, kwa Wahehe na Wangoni, mtani anafanya nini kwenye msiba wa mtani wake. Mimi nikisema itaonekana najitetea. Wewe ni Mhehe, sema wewe."

Dada yule akamgeukia. "Ni mila?"

Akasema, "Mila za zamani hizo."

"Lakini ni mila?"

"Ndiyo."

Mzee Rajabu akasafisha koo. "Nilikuwepo, mwanangu. Wafiwa walimshukuru." Kisha nikatoa daftari. Nilisoma, nikakosea mistari, nikarudia. Meneja akaingilia, "Huyu mama hana utani kabisa, kila kitu anachukulia moyoni." Nikasoma siku ya supu ya mbwa na barua ya onyo niliyopewa siku hiyo hiyo. Dada wa utumishi akaiomba ile barua ya onyo, akaisoma mara mbili. Hakutabasamu. Akasema leo hakuna anayesaini kitu chochote. Amepiga picha kurasa zote za daftari. Majibu yatatoka makao makuu baada ya wiki mbili, na mpaka hapo nibaki kwenye kazi yangu na mashine nirudishiwe.

Makuli wanasema nimeshinda. Sijashinda, mtani. Bado yeye ni meneja. Leo asubuhi amepita mbele yangu hakusema neno, hakutania, hakunitazama, na ule ukimya wake umenitisha kuliko kelele zote. Sijui anaandika nini huko ndani. Sijui wiki mbili zitakuja na nini. Honi bado inanikimbiza chooni.

Mashine wamenirudishia. Nimepima malori mawili leo. Kila gunia nililochoma, kwanza nilitafuna, nikasema kimoyomoyo jibu langu, kisha ndiyo nikasoma mashine. Sikukosea hata moja. Nilitaka ulijue hilo.

Sasa nakuaga, Mama Osmunda. Bwana akulaze mahali penye mwanga, nami Novemba nitakuja Maposeni na mshumaa, nipalilie na majani. Nakuahidi jambo moja, na nalisema nikiwa na woga, usidhani umeisha. Kesho nitaingia getini. Nitamsalimia kama mtu na mkuu wake wa kazi, si zaidi. Akiniumiza sitacheka, hata ghala zima likicheka. Nitamwambia, mbele yao, "Hapo umeniumiza," kisha nitaandika siku na saa. Wakinifukuza, nitatoka kwa mlango wa mbele nikiwa sijasaini kwamba sijui kazi. Kazi naijua.

Ni mimi mtani wako,
Leokadia